Gari la umeme mpeni dereva wa spesho kwanza

Januari 2022 madereva wa malori waligoma mpakani Malaba na Busia. Walikataa kulipia vipimo vya Korona, foleni ya malori ikajinyoosha upande wa Kenya, na ndani ya siku chache petroli ikageuka bidhaa ya magendo. Kampala bei ilipanda kila kukicha. Mikoani kuna waliouziwa lita moja kwa shilingi 10,000 za Uganda na zaidi. Nakumbuka steji yetu ya magari ya kukodi, hapa tunayaita spesho, ilivyokuwa kama nyumba yenye matanga. Magari yamejipanga, madereva wamekaa juu ya kreti za soda, wateja wanapita kwa miguu.

Siku hizohizo, kilomita 80 mashariki mwa Kampala, maji ya mto Nile yalipita kwenye mitambo ya umeme ya Nalubaale, Kiira na Bujagali kama kawaida yake. Hayakudaiwa cheti cha Korona. Nguvu ya kuendesha magari tulikuwa nayo, ila hatukuwa na magari ya kuitumia.

Tangu hapo nimesikia sifa nyingi za magari ya umeme, na nyingi ni za kweli. Wasiwasi wangu ni ule wa mgema: akisifiwa sana, tembo hulitia maji. Tunaambiwa gari la umeme halina moshi, halina kelele, halili pesa, basi kila mwenye gari alikimbilie. Sijasikia wanaosifu wakiuliza kila mwenye gari anatembea kilomita ngapi kwa siku, na kwangu mimi mjadala wote umo humo. Faida ya gari hili huja kilomita moja baada ya nyingine, na asiyetembea haipati.

Nilikaa na jirani yangu mmoja, dereva wa spesho, mzaliwa wa Busia kama mimi, tukapiga hesabu nyuma ya risiti ya petroli. Ana Toyota Spacio, yake mwenyewe, deni alishamaliza. Siku ya kawaida, kati ya Ntinda, Nakawa na mjini, na Entebbe mara mojamoja, anafikisha kilomita 120 hivi. Kwa jamu ya Kampala gari lake linameza lita 10 kwa kila kilomita 100. Petroli tukaiweka shilingi 5,000 kwa lita ili hesabu iwe nyepesi. Lita 12, shilingi 60,000, kila siku anayoamka kwenda kazini.

Gari la umeme la ukubwa ule hutumia yuniti 18 hivi za umeme, yaani kilowati-saa 18, kwa kilomita 100. Kwa kilomita 120 ni yuniti 21 na ushei. Ukiongeza umeme unaopotea wakati wa kuchaji, tuseme 24. Yuniti moja tukaiweka shilingi 800, tusije tukajidanganya kwa bei ndogo. Jumla ni 19,200. Tofauti kwa siku ni shilingi 40,800, na akifanya kazi siku 25 kwa mwezi, zinakuwa 1,020,000. Alikaa kimya kidogo, akaichukua ile risiti, akaipitia upya kwa kidole.

“Mwalimu, hii pesa yote naichoma kwa ekzosi?”

Sasa nijichukue mimi. Natoka Kireka asubuhi naenda mjini, jioni narudi. Kilomita 20. Kwa bei zilezile, tofauti yangu ni shilingi 6,800 kwa siku, 170,000 kwa mwezi. Tuchukulie gari la umeme limenizidia bei kwa shilingi milioni 30 kuliko Premio ya mtumba. Jirani yangu atairudisha milioni 30 hiyo kwa miaka miwili na nusu. Mimi itanichukua karibu miaka 15, na betri itastaafu kabla yangu. Na ikiwa fedha hizo ni za mkopo, ndiyo balaa kabisa. Riba ya mikopo ya shilingi hapa kwetu huzunguka asilimia 18 hadi 20, kwa hiyo mwaka mmoja wa riba ni zaidi ya milioni 5, ilhali akiba yangu ya mwaka mzima ni milioni 2. Nitakuwa nimenunua gari la kuinufaisha benki. Yeye, kwa mkopo uleule, akishalipa riba anabakiwa na milioni 6 za kupunguzia deni.

Ndiyo maana nikimwona bwana mkubwa Kololo ametoka na gari la umeme linalong'aa, la kumpeleka ofisini kilomita nne na kumrudisha, namtakia heri na kupita zangu. Hajakosea. Lakini hapo nchi haijaokoa kitu cha maana.

Tofauti hiyo ya gharama inatokana na namna mashine yenyewe ilivyo. Injini ya petroli hupoteza sehemu kubwa ya mafuta kama joto. Robo tu, au kidogo zaidi, ndiyo hufika kwenye magurudumu. Na injini hiyo inanguruma hata ukiwa umesimama Jinja Road dakika 40 ukiuziwa njugu dirishani. Mota ya umeme hugeuza zaidi ya asilimia 80 ya umeme kuwa mwendo, na gari likisimama nayo hunyamaza. Halafu kuna vilima. Kampala imekaa juu ya vilima, mita 1,200 hivi kutoka usawa wa bahari, na dereva wa hapa anapanda na kushuka kutwa nzima: Naguru, Mbuya, Makindye, Nakasero. Gari la umeme likishuka, mota hugeuka jenereta na kurudisha kiasi cha umeme kwenye betri. Mafuta ya kupandia Mbuya hayajawahi kurudi kwenye tangi mtu anaposhuka Mbuya.

Upande wa gereji nako kuna nafuu. Hakuna oili ya injini, hakuna plagi, hakuna klachi, hakuna ekzosi ya kutoboka. Breki hudumu kwa sababu mota husaidia kupunguza mwendo. Anayejua njia ya kwenda soko la Kisekka kutafuta spea ataelewa nasema nini. Lakini matairi yatalalamika, maana betri ni nzito, na kwa mashimo ya barabara zetu shokapu hazitapumzika. Na fundi wa chini ya mwembe asiiguse ile betri bila mafunzo. Ina mamia ya volti, haina uvumilivu wa betri ya kawaida unayoigusa kwa spana ikatoa cheche ukacheka.

Kuna mtego mwingine kwenye bondi, yaani yadi zinakouzwa magari ya mtumba. Nissan Leaf zilianza kuuzwa mwishoni mwa 2010, na zile za mwanzo zina betri ya yuniti 24, tena isiyo na mfumo wa kuipoza kwa maji. Baada ya miaka kumi na kitu juani, nyingi zimepoteza sehemu kubwa ya uwezo wake. Gari la namna hiyo litakutoa Kampala, litapita Mukono na Lugazi vizuri, likiingia msitu wa Mabira ndipo utaanza kusali. Gulu, zaidi ya kilomita 300, usiitaje. Anayenunua asitazame rangi wala kilomita za dashibodi tu. Adai afya ya betri ipimwe kwa kifaa mbele yake; kama muuzaji hataki, biashara haigombi, aondoke.

Lakini kizuizi kikubwa kiliulizwa na jirani yangu kabla sijamaliza kunywa chai: “Sasa hiyo gari nitachomeka wapi?” Anapanga vyumba viwili Banda, kwenye nyumba za mstari mmoja. Mita ya Yaka, ile ya umeme wa kulipia kabla, ni ya wapangaji watatu, na kila wiki kuna ugomvi wa nani alipika kwa koili. Gari linalala kwenye kiwanja cha kulipia. Mlinzi wa kiwanja ana balbu moja.

Bwana mkubwa wa Kololo ana geti, ana banda la gari, ana mita yake peke yake. Soketi ya kawaida ya ukutani inamtosha: saa kumi za usiku zinaingiza yuniti 20 na zaidi, wala hahitaji chaja ya mbio. Kwa hiyo mwenye kilomita hana soketi, na mwenye soketi hana kilomita. Mpango wowote wa magari ya umeme Uganda usioanza na fumbo hilo utaishia kuwahudumia wenye mageti. Chaja za kifahari kwenye maegesho ya maduka makubwa zinapendeza kwenye picha, ila dereva wa spesho halali dukani. Analala Banda, Kireka, Bwaise na Kawempe, na viwanja vya kulaza magari huko vinajulikana. Huko ndiko laini ya umeme na mita inayosomeka gari kwa gari zinahitajika, kwa bei ya usiku inayovutia, kwa sababu usiku wa manane mitambo ina uwezo kuliko mahitaji. Tangu Karuma yenye megawati 600 ianze kazi rasmi 2024, nchi ina uwezo wa kuzalisha zaidi ya megawati 2,000, na sehemu kubwa mno ni ya maji.

Msomaji atasema, na umeme ukikatika? Anayo haki. Tangu Aprili 2025 usambazaji umerudi mikononi mwa kampuni ya serikali ya UEDCL, baada ya miaka 20 ya mkataba wa kampuni binafsi iliyoitwa Umeme, na nyaya za zamani hazikubadilika kwa sababu ya nembo mpya. Kuzalisha si shida yetu tena. Transfoma za mtaani ndizo zinazolemewa. Dereva wa petroli umeme ukikatika usiku analala tu. Wa gari la umeme anaamka hana kazi. Mimi binafsi nisingemshauri jirani yangu anunue kabla hajapata sehemu mbili za kuchajia zilizo kwenye laini tofauti.

Bodaboda walilimaliza fumbo hili kabla yetu. Kampuni kama Zembo, Gogo na Spiro zinaendesha vituo ambako mwendeshaji anaacha betri iliyokwisha na kuchukua iliyojaa, dakika chache, anaondoka. Hahitaji soketi nyumbani, na mara nyingi hainunui betri, ambayo ndiyo sehemu ghali ya chombo. Mtu wa boda anatembea zaidi ya kilomita 100 kwa siku, kwa hiyo hesabu ya kilomita inamkubali moja kwa moja. Wala hakusubiri warsha ya hotelini. Ila naye amefungwa: betri ya kampuni hii haiingii kwenye pikipiki ya kampuni ile. Akienda nje ya eneo la vituo vyake, amekwama, na bei ikipandishwa hana kwa kukimbilia. Petroli angalau ina vituo vya kila jina. Serikali ingekuwa na jambo moja tu la kulazimisha, ningeomba iwe betri zinazoingiliana.

Na mabasi? Hapo serikali yenyewe imeshika njia ninayoiunga mkono, japo kwa mwendo wa kinyonga. Chuo Kikuu cha Makerere kilitoa gari dogo la Kiira EV, la watu wawili, mwaka 2011. Basi la Kayoola la sola likaonyeshwa 2016. Kisha Kiira Motors ikahamia kwenye mabasi ya Kayoola EVS, yenye kiwanda Jinja. Watu walicheka sana lile gari la watu wawili. Lakini basi moja la umeme linalozunguka kutwa lina kilomita nyingi kuliko magari kadhaa ya aina yangu, na kila kilomita ina watu kadhaa ndani. Kama kuna mahali pa kumwaga fedha za umma, ni hapo, na kwenye droni, yaani zile HiAce za watu 14 zinazojaza paki ya teksi.

Hewa inafuata hesabu ileile. Makerere ina mradi wa AirQo, ulioanza 2015, unaopima vumbi laini la hewani kwa vifaa vya bei nafuu vilivyofungwa hadi kwenye pikipiki, na vipimo vya Kampala viko juu mara kadhaa ya kiwango cha Shirika la Afya Duniani. Nisimsingizie dereva peke yake. Kuna makaa ya kupikia, kuna takataka zinazochomwa nyuma ya nyumba, kuna vumbi la barabara za murram, na gari la umeme halitaondoa hata moja kati ya hayo. Linaloondoa ni moshi wa kimo cha pua: ule wa teksi ya dizeli iliyosimama mbele ya boda iliyobeba mtoto wa shule. Gari linalotoa moshi huo saa 14 kwa siku ndilo la kubadilishwa. Langu, linaloegeshwa zaidi ya saa 20 kwa siku, linaweza kusubiri.

Kuhusu hewa ya ukaa, lita ya petroli ikiungua hutoa kilo 2.3 hivi. Lita 12 za jirani yangu ni kilo 27 na ushei kila siku. Nchi inayofua umeme wake kwa makaa ya mawe hunufaika kidogo kwa kuhamia gari la umeme. Yetu, yenye umeme wa maji, hunufaika karibu kwa kila lita iliyoachwa.

Lakini kuna uchafuzi ambao sioni ukitajwa, nao ndio unaonikera zaidi. Kila gereji ya mjini hubadilisha oili. Nyingi huishia kwenye ndoo na kwenye mikono ya wanaoiuza tena. Nyingine humwagwa chini, mvua inapiga, inaingia mtaro wa Nakivubo. Mtaro huo unamwaga kwenye Ghuba ya Murchison, Ziwa Victoria, na kwenye ghuba hiyohiyo, Ggaba, ndiko mji unakovuta maji yake ya kunywa. Tunalipa kuyasafisha. Gari lisilo na oili ya injini haliwezi kuitia kwenye chai yako.

Betri nayo si malaika. Sehemu kubwa ya kobalti ya dunia hutoka kwa majirani zetu wa Kongo, karibu na Kolwezi, na watoto wamekuwa wakichimba humo kwa mikono. Betri za litiamu, chuma na fosfeti hazina kobalti, huvumilia kuchajiwa mara nyingi zaidi, na kwa kazi ya spesho au basi ndizo ninazoona zinafaa. Na zikichoka? Betri iliyobaki na asilimia 70 haifai tena barabarani, ila inaweza kuhifadhi umeme wa sola dukani au zahanati kwa miaka mingine. Baada ya hapo inahitaji mahali pa kwenda, katika mji ambao jaa lake la Kiteezi liliporomoka Agosti 2024 na kuua watu zaidi ya 30. Sheria ya nani anairudisha betri kuukuu iandikwe sasa, zikiwa bado chache.

Kuna wanaosema tuna mafuta yetu Hoima, bomba la kilomita 1,443 linakwenda Tanga, ya nini kuhangaika na umeme. Kuwa na kisima hakukupi petroli ya bure. Mafuta huuzwa kwa bei ya dunia, hata ukiyatoa nyuma ya nyumba. Norwei ina mafuta kuliko sisi, ina umeme wa maji kama sisi, na mwaka 2024 karibu magari tisa kati ya kila kumi mapya yaliyouzwa huko yalikuwa ya umeme. Mafuta wanauza nje.

Limebaki jambo moja ambalo wauzaji hawataligusa. Ndani ya kila lita ya petroli serikali inachukua zaidi ya shilingi 1,500 za ushuru. Lita 12 za jirani yangu zinaipa hazina shilingi 18,000 kwa siku, na ile akiba yetu ya 40,800 kwenye risiti ina hizo ndani yake. Karibu nusu ya anachookoa ni kodi ambayo hatakuwa anailipa. Magari ya umeme yakiwa mamia, hazina haitahisi. Yakiwa maelfu kwa maelfu, itakuja kuidai kwenye yuniti, au kwenye leseni, au kwa kilomita, na barabara zitakuwa zinahitaji fedha hizo kweli. Ningependa wakubwa watangaze mapema kodi hiyo itaanza lini na kwa kiasi gani, ili anayekopa leo ajue.

Nilipomweleza hivyo jirani yangu, aliikata ile 40,800 kwa kalamu, akatoa 18,000, akaandika chini yake 22,800. Akaizidisha kwa siku 25. Ilikuja 570,000.

“Hata hii bado naitaka,” akasema, akaikunja risiti na kuitia mfukoni. Kisha akawasha Spacio, akaenda kutia petroli ya elfu ishirini.